Sharpe, Hornblower na vichekesho vya TV ya Uingereza: nianze na ipi?

MpendaFilamu_Dar:
Habari zenu wakuu. Natafuta filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya TV ya Uingereza, za kuangalia na familia wikiendi: za mapambano na za kuchekesha. Watoto wana miaka 8 na 13, wote wanampenda Mr Bean. Sharpe na Hornblower naona zinatajwa sana. Ipi itangulie? Na DVD za Uingereza zitacheza kwenye deki za huku?

TangaMbele:
Hornblower itangulie, mkuu. Ni filamu 8 tu za jeshi la majini la Uingereza likipigana na Wafaransa enzi za Napoleon, zilirushwa ITV ya Uingereza kuanzia 1998 hadi 2003, kila moja kama saa 1 na dakika 40. Ioan Gruffudd anaingia manowarini akiwa kijana mgeni wa bahari, anatapika meli ikiwa bado imetia nanga, mabaharia wanamcheka. Kuanzia hapo kila cheo anakipata kwa jasho, na ndiyo sababu utamjali. Meli unayoiona ikikata maji ni meli kweli: Grand Turk ndiyo iliyoigiza Indefatigable, manowari ya kwenye kisa.

Angalizo: Marekani walibadilisha majina. The Even Chance kwao ni The Duel, The Frogs and the Lobsters ni The Wrong War. Usije ukanunua filamu ileile mara mbili. Halafu Mutiny na Retribution ni kisa kimoja kilichokatwa katikati, kwa hiyo zitengee siku moja.

KotiKijani95:
Kwa huyo wa miaka 13, mimi natetea Sharpe, vita hivyohivyo ila vya nchi kavu. Sean Bean ni sajenti asiye na ukoo wala mali, anamwokoa jenerali wake Wellesley, anapewa uofisa palepale, kisha askari wake wenyewe wanamkataa. Mvutano huo wa kitabaka, Hornblower haiufikii. Ila wa miaka 8 akalale, kuna kuchapwa viboko na ukatili kwa wanawake.

Fuata mpangilio wa kurushwa: Sharpe's Rifles na Sharpe's Eagle (1993; nyingine nazo huanza na Sharpe's), kisha Company, Enemy na Honour (1994). Usiiruke Company, maana humo ndimo anaingia Hakeswill wa Pete Postlethwaite, adui wa kutisha kuliko Mfaransa yeyote, na Enemy inaendeleza ugomvi huo. Gold ukiiacha hupungukiwi kitu. Waterloo (1997) inafunga vita, ila pale bajeti inaonekana: uwanja mkubwa, askari wachache. Challenge (2006) na Peril (2008) ni za India, ziwe za mwisho.

Mama_Runinga:
Tusimsahau mdogo. Mpe The Wrong Trousers (1993), katuni ya vinyago vya udongo ya Wallace na mbwa wake Gromit, dakika 30 tu. Gromit hasemi neno, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza anaelewa. Mwangalieni yule pengwini Feathers McGraw: hana mdomo wa kucheka wala kununa, ana macho mawili meusi tu na glavu nyekundu kichwani ili aonekane kuku, na bado anatisha. Kwenye mbio za treni ya kuchezea, Gromit anatandika reli mbele ya treni aliyoipanda mwenyewe. Kwangu hakuna filamu ya mapambano iliyozidi dakika hizo. Ifuate A Close Shave (1995), alikoanzia kondoo Shaun, ndipo Vengeance Most Fowl (2024), maana Feathers anarudi humo.

Kwa mkubwa, Rowan Atkinson, Mr Bean mwenyewe, yupo kwenye kichekesho cha Blackadder, ingawa si filamu, ni vipindi vya nusu saa. Anza na msimu wa pili (1986). Msimu wa kwanza bwana, Blackadder, ndiye mjinga na mtumishi Baldrick ana akili. Baadaye wakabadilishana, na kichekesho kikakaa sawa. Ucheshi wake uko kwenye maneno, si kwenye uso kama Mr Bean, kwa hiyo washa maandishi ya chini.

FundiDeki:
Kuhusu diski: dunia imegawanywa kanda (maeneo) za mauzo ya diski. DVD ya Uingereza ni kanda ya 2, Tanzania na Kenya ni kanda ya 5. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa. Deki nyingi za bei nafuu zinafunguliwa kwa namba ya siri inayobonyezwa kwenye rimoti, itafute kwa namba ya modeli. Kwenye kompyuta kuwa makini: kisomadiski kinaruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, ya mwisho inaganda. Blu-ray ni rahisi zaidi, Uingereza na sisi wote ni kanda B.

Vipindi vya miaka ya 80 na 90 vingi ni 4:3, yaani picha ya umbo la TV za zamani, karibu mraba. TV ikivijaza skrini nzima, nyuso zinanenepa. Weka 4:3, ukubali weusi pembeni.

MpendaFilamu_Dar:
Shukrani wakuu. Maandishi ya chini nitajuaje kama yapo?

FundiDeki:
Soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Chagua yale ya Kiingereza ya wasiosikia vizuri, huandika karibu kila neno.