Ada imeingia kwa mtoto wa watu: nianzie benki au shuleni?

Mama Pacha, Ntinda

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa aliyewahi kupitia haya.

Baba watoto yuko Mwanza, anatuma hela kila mwisho wa mwezi, mimi huku Kampala nalipa ada kwa MoMo (pesa ya simu) kwa ile namba ya malipo ya kila mtoto. Likizo hii shule (sitaitaja) ilibadilisha namba, lakini waraka waliotupa mkononi una namba za zamani. Nimelipa kwa namba ya kwenye waraka, meseji imekuja, na jina kwenye risiti ni la mtoto nisiyemjua. Ofisi ya mhasibu inasema mfumo wao hauonyeshi kitu, niende benki. Benki inasema pesa ilishafika shuleni, nirudi shuleni. Watoto wamenyimwa kibali cha mitihani, ikabidi nilipe mara ya pili kwa hela ya chakula na ya pango.

Maswali yangu mawili. Kwanza, nianzie wapi kudai, benki au shule, na kwa karatasi gani? Pili, ninyi mnaoishi kwa bajeti ya mwezi mnafanyaje likitokea jambo kama hili katikati ya mwezi? Asanteni.

Mkenya wa Bweyogerere

Pole sana dada. Yangu ilikuwa tofauti kidogo, ilikuwa TIN, namba ya mlipakodi. Mwajiri alinikata PAYE, kodi ya mshahara, mwaka mzima, kumbe anapeleka kwa TIN ya mtu mwingine. Nilizungushwa mpaka nikachoka. Kwa hiyo najua uchungu wa kuambiwa nenda kule, rudi huku.

Kuhusu bajeti, tafuta pa kupunguza. Kwa mfano kibali cha kazi: permit ni bure kwetu wa EAC, hiyo hela wengine bado wanaiweka kando kila mwaka bila sababu. Na kama uko NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, omba ile asilimia 20 ya akiba yako uzibe pengo.

Baba wa Kisaasi

> permit ni bure kwetu wa EAC

Ndugu, usiwapotoshe watu. Ni bure kwenu Wakenya na kwa Wanyarwanda kwa sababu nchi zenu na Uganda zilifutiana ada. Sisi Watanzania tunalipa. Na DP (pasi za wategemezi) za watoto tunahangaikia. Ukisema "wa EAC", mtu anafika kaunta bila hela halafu anarudishwa.

Na hiyo asilimia 20 ya NSSF haitolewi kwa kuomba tu. Sheria iliyorekebishwa 2022 inataka uwe na miaka 45 na uwe umechangia miaka 10. Mama Pacha hajasema hata kama ameajiriwa.

Watu wengi humu bajeti yao inavunjika siku ya kwanza kwa sababu wanapanga kwa mshahara wa kwenye barua. Barua inasema milioni moja na nusu, mtu anagawa milioni moja na nusu. Hesabu ya kweli ni hii: PAYE inafika 25,000 mshahara ukifikia 410,000, na kila shilingi inayozidi hapo inakatwa asilimia 30. Kwa mshahara huo ni 352,000. NSSF asilimia 5 ni 75,000. Unabaki na 1,073,000. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wanakata na LST (kodi ya serikali za mitaa), 25,000 kila mwezi kwa anayepata zaidi ya milioni. Gawa hiyo inayobaki, si ile ya barua.

Mama Goma, Nsambya

Jambo kwa wote. Mama Pacha, pole mingi. Mimi nilikuja hapa na watoto na sufuria mbili, nikajifunza kwamba mahali pa kukata hela ni jikoni.

Makaa yalikuwa yananimaliza. Bei imepanda tangu 2023, tangu amri ile ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara kule kaskazini. Sasa maharagwe naloweka usiku, asubuhi namwaga maji, naweka kwenye presha kuka ya umeme. Zamani maharagwe peke yake yalikula ndoo nzima ya makaa. Na umeme una bei ya kupikia, 412 kwa uniti, si ile ya 750 na zaidi. Nunua uniti nyingi mwanzo wa mwezi upate hiyo bei ya chini.

Fundi wa Katwe

Mama, heshima yako, lakini hapo kwenye Yaka, umeme wa kulipia kabla, si hivyo. Naweka mita za watu kila siku, acha nieleze vizuri, kwa bei zilizotumika 2025.

Uniti 15 za kwanza za mwezi ni 250 kila moja. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80 ni 750 na kitu. Kuanzia ya 81 mpaka ya 150 ndiyo 412, bei ya kupikia. Ukipita 150 unarudi kwenye 750 na kitu. Mfumo unahesabu jumla ya mwezi wa kalenda, kwa hiyo kununua mara moja au mara kumi ndani ya mwezi uleule ni sawasawa. Kinachobadilisha hesabu ni kununua za miezi miwili kwa mkupuo mmoja: hapo unapoteza zile 15 za bei ndogo za mwezi wa pili.

Mwenye kutumia uniti 150 atalipa karibu elfu 82, na VAT ya asilimia 18 juu yake, inafika karibu elfu 96. Kwa nyumba inayopika kila kitu kwa umeme hiyo ni nafuu kuliko makaa na gesi pamoja. Lakini kwa mtu anayetumia uniti 60, bei ya kupikia haimhusu kabisa, haifiki. Huyo abaki na makaa kwa vyakula vya muda mrefu na azime friji mbovu. Friji ya mtumba ya Owino inakula umeme kuliko presha kuka ya mama.

Mama Goma, Nsambya

Sawa fundi, nimeelewa hiyo ya mwezi. Lakini mimi nafika 150 kwa sababu tuko watu wanane, kwa hiyo kwangu ilikuwa kweli.

Mwalimu, Makindye

Nimesoma yote. Naomba nirudi kwenye swali la pili la Mama Pacha kwa sababu ndilo lililoniumiza mimi miaka mingi, na naona wazazi wenzangu wanaumia vilevile.

Hapa Uganda mshahara unakuja kwa mwezi lakini maisha hayaji kwa mwezi. Yanakuja kwa mihula mitatu. Ukipanga Machi vizuri, ukasema tumeishi ndani ya hela yetu, Mei wanakuja na waraka mpya. Na waraka haubebi ada peke yake. Una karatasi za kuchapia, karatasi za chooni, fagio, sukari, sabuni, hela ya maendeleo, hela ya ziara ya shule, sweta jipya kwa sababu wamebadilisha rangi. Kwa watoto watatu, vitu vya kuleta vinakaribia ada ya mtoto mmoja wa shule ya kawaida. Hakuna anayeviandika kwenye bajeti kwa sababu vinaonekana vidogo kimoja kimoja.

Nyumbani kwangu tunafanya hivi. Tunachukua ada zote za mwaka, na vitu vyote vya waraka wa mwaka uliopita, na madaftari, tunajumlisha, tunagawa kwa 12. Hiyo namba ndiyo inayotoka kwanza siku ya mshahara, kabla ya pango, kabla ya chakula. Inakwenda SACCO, si kwenye simu, kwa sababu iliyo kwenye simu mke wangu anaiona, mimi naiona, na wadogo zetu nyumbani wanaiona kwa namna yao. Mwezi wa kwanza tulikula posho (ugali) na mukene (dagaa) mpaka watoto wakalalamika. Lakini muhula ulipofungua hatukukopa.

Karatasi na fagio tunanunua wazazi kadhaa pamoja, kwa katoni, katikati ya mji, na tunanunua likizo ikianza. Wiki ya kufungua shule bei zote mjini zinapanda, kila mtu analijua hilo na bado tunajazana madukani wiki hiyohiyo.

Wazazi wengine wanaona aibu kumwambia mtoto kwamba hela haitoshi. Mimi watoto wangu nawakalisha mezani. Mkubwa ana miaka 13, ndiye anayeandika daftari la matumizi. Ameshaanza kuniuliza kwa nini nilinunua soda njiani.

Mama Pacha, Ntinda

Mwalimu, nakushukuru kutoka moyoni. Hiyo ya kugawa kwa 12 nitamwonyesha baba watoto.

Ila bado hakuna aliyesema, benki au shule? Nina risiti, nina meseji, nina waraka wenye namba ya zamani. Leo tena mhasibu hayupo.

Mkenya wa Bweyogerere

Dada, jaribu zote mbili kwa barua, uombe wakugongee muhuri wa kupokea. Kwa ile TIN yangu muhuri ndio uliosaidia. Lakini ile ilikuwa kodi, sijui kama shule ni hivyohivyo.

Baba wa Kisaasi

Muhuri haurudishi hela. Aliyepokea pesa ndiye wa kurudisha, yaani shule. Lakini huyo mzazi mwingine naye lazima akubali kwamba si yake.

Na jambo jingine: acheni kutoa hela taslimu kwa wakala. Kila ukitoa unalipa ada ya wakala na ushuru wa asilimia 0.5. Ukimlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, ushuru huo haukugusi. Kwa familia inayotoa laki moja moja kila wiki, hiyo ni hela ya mboga.

Fundi wa Katwe

Hapo nakubaliana na wewe. Kodi hiyo ilianza na asilimia 1 Julai 2018, pamoja na zile shilingi 200 kwa siku za kuingia WhatsApp. Watu wakapiga kelele, ikashushwa na ikabaki kwenye kutoa tu. Zile 200 nazo zikaondoka 2021, zikaja asilimia 12 kwenye bando. Na nyumbani Tanzania nako, 2021 hiyohiyo, tukapata tozo za miamala. Nilikuwa namtumia mama hela Bukoba, inakatwa huku, anakatwa tena kule. Wanaotunga hizi kodi hawajawahi kutuma elfu 50 kwa mzazi.

Mkenya wa Bweyogerere

Tungekuwa na sarafu moja hata hasara ya kubadilisha pesa isingekuwepo. Mkataba ulitiwa saini hapahapa Kampala, Novemba 2013. Tuliambiwa 2024. Sasa wanasema 2031. Watoto wetu watakuwa wamemaliza shule.

Baba wa Kisaasi

Sarafu moja haitapunguza bei ya matoke. Tuzungumze bajeti.

Bibi Tanga, Kawempe

Wanangu, mimi husoma tu, leo nachangia.

Mnasema kupunguza matumizi, na mimi naona kinachotumaliza wengine ni kutamani vya nyumbani. Kila mwezi nilikuwa natafuta nazi, nazi hapa imesafiri kutoka pwani na bei yake imesafiri nayo. Nilitaka mchele wa kwetu, wanauita Super, bei ya juu. Mbaazi, hiliki, tende za Ramadhani. Mume wangu, Mungu amrehemu, ni Mganda wa Masaka, aliniambia kula kilichoota karibu nawe. Basi nikajifunza matoke ya kufunikwa kwa majani, na mchuzi wa karanga badala ya nazi. Karanga ni rahisi na inashibisha. Na mukene si kitu kigeni, ni dagaa walewale wa ziwa lilelile, Mwanza na Katosi wanachota maji yaleyale.

Ila Iddi nanunua nazi. Siku hiyo sihesabu. Nakuna mwenyewe, wajukuu wanakaa kando wanangoja tui, na mimi nawasimulia Tanga ilivyo, bahari inavyonuka asubuhi. Hawajafika. Nauli ya watu sita mpaka Tanga kupitia Mutukula ni muhula mzima wa shule, nimeshaigawa kwa miezi, kidogo kidogo, Mungu akipenda.

Mwalimu, Makindye

Shikamoo bibi. Umeniliza. Hiyo nauli iandike kwenye daftari kama ada, isiguswe.

Mama Goma, Nsambya

Shikamoo bibi. Karanga ni kweli kabisa, na sombe (kisamvu) ya karanga hata watoto wa shule wanamaliza sahani.

Jumamosi alfajiri naenda soko la Kalerwe kabla malori hayajaisha kushusha. Gunia la maharagwe ya nambale la kilo 100, tuko wanne tayari, kilo 25 kila mmoja. Nikipata watu wengine watatu tuchukue na karanga. Mama Pacha, wewe fungu lako utalipa mwezi ujao, usihangaike sasa. Nyote mwongee Kiganda au mkae kimya tukiwa pale, wakisikia Kiswahili wanadhani tumetoka Nairobi na hela. Anayetaka aseme kabla ya Alhamisi, aje na mfuko wake, na mwenye gari la kurudi upande wa Makindye aniambie mapema.