Kuingia kompyuta za ofisi Mbeya ukiwa Tukuyu au Makambako: poti 3389 haifiki

Mwanjelwa_Hesabu
Wakuu, heshima kwenu. Ofisi iko Mwanjelwa: kompyuta 4 za Windows 11 Pro na 1 ya Home. Wahasibu wawili, mmoja Tukuyu na mwingine Makambako, wanatakiwa kuingia kompyuta zao za hapa kwa RDP (njia ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali). Intaneti ni ruta ya laini ya 4G. Nimeelekeza poti 3389 (mlango wa RDP) kwenye ruta. Ndani ya ofisi inafunguka, nje haifiki. Nasikia Apache Guacamole (programu ya kuingia kompyuta za mbali kwa kivinjari) inampa kila mtu ruhusa zake. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Igawilo_Net
Mkuu, ifunge hiyo poti leo. Kutofika kwake ndiyo salama yako, maana ingefika, maroboti yangekesha yakijaribu maneno ya siri. Kuhamia 3390 hakusaidii, wanapekua poti zote.

Haifiki kwa sababu mtandao wa simu huweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Tazama ukurasa wa hali ya ruta: IP ya WAN (upande wa nje) ikianza na 10. au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kuelekeza poti ni kazi bure.

Kwa hiyo ofisi ndiyo ipige kwenda nje. Kodi seva ndogo ya Linux yenye IP ya umma. RAM ya GB 2 inatosha kwa watu wawili. Weka WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya mashine) kwenye seva (10.8.0.1) na kwenye kila kompyuta (10.8.0.11, 12 na kuendelea). Upande wa kompyuta andika AllowedIPs = 10.8.0.1/32 (anwani zinazopita kwenye njia hiyo). Ukiweka 0.0.0.0/0, intaneti yote ya ofisi itapitia seva na bando litaisha hujui limeenda wapi. Ongeza PersistentKeepalive = 25, la sivyo mtandao wa simu husahau njia ikikaa kimya na seva haiwezi tena kuifikia kompyuta.

Kwenye seva hiyohiyo weka Guacamole, guacd (sehemu yake inayoongea na kompyuta) na PostgreSQL (hifadhidata) kwa Docker (huendesha programu kwenye makontena). Tengeneza majedwali kwanza kwa initdb.sh --postgresql, ukiruka hatua hii ukurasa utafunguka ila hakuna atakayeingia. Washa TOTP_ENABLED (namba za muda za simuni, juu ya neno la siri). Akaunti ya kuanzia ni guacadmin/guacadmin: tengeneza msimamizi mwingine, kisha ifute.

Sasa kosa linalowakamata wengi: Docker hupita pembeni ya ufw (faiwoli ya Linux). Ukiandika poti ya Guacamole kama 8080:8080 umeianika duniani hata kama ufw inasema imefungwa. Andika 127.0.0.1:8080:8080, na mbele yake weka Nginx (seva ya wavuti inayopokea wageni) yenye cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt.

Kwenye muunganisho ndani ya Guacamole chagua RDP, usalama NLA (uthibitisho kabla ya skrini kufunguka), na ukubali cheti cha Windows bila kukihakiki, kwa kuwa safari ya seva hadi kompyuta iko ndani ya WireGuard. Mpe kila mhasibu kompyuta yake tu. Kisha kwenye faiwoli ya Windows ruhusu 3389 kutoka 10.8.0.1 peke yake.

Bonde_la_Usangu
Naongezea. Home haipokei RDP, usihangaike nayo. Nunua leseni ya Pro, au weka TightVNC (programu nyingine ya kutumia skrini kwa mbali) na uiunganishe Guacamole kwa poti 5900. Pro nayo inapokea mtu mmoja kwa wakati: mhasibu akiingia, aliyekaa mezani anafungiwa skrini. Zima usingizi wa kompyuta, na kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) iambie iwake yenyewe umeme ukirudi. Mvua za Machi hazisubiri fundi.

Mwanjelwa_Hesabu
Imekubali, asanteni sana. Tukuyu anaingia ila panya inaburuta. Makambako namba za TOTP zinakataliwa kila mara.

Igawilo_Net
Kuburuta: kwenye Nginx weka proxy_buffering off, proxy_http_version 1.1 na vichwa vya Upgrade na Connection. Vikikosekana, WebSocket (mawasiliano yanayobaki wazi muda wote) haifunguki na Guacamole inarudi kwenye njia ya polepole. Shusha pia rangi hadi biti 16.

TOTP: ni saa. Namba hubadilika kila sekunde 30. Kwa kuwa Tukuyu anaingia, seva ni nzima. Tazama simu ya Makambako. Mara nyingi mtu amekuta ukanda wa saa si sahihi akasogeza mishale kwa mkono: saa inaonekana sawa, UTC (saa ya dunia) imepotoka. Arudishe saa ya mtandao. Ikigoma bado, fungua akaunti yake kama msimamizi, futa siri ya TOTP, naye achanganue upya msimbo wa QR.