Mraba mweusi kama picha ya uumbaji: walimaanisha nini?

Fundi Mihuri: Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuchonga mihuri, kwa hiyo picha za kale zilizochongwa kwenye shaba hunivuta sana. Nimekutana na moja ya kitabu cha Robert Fludd, tabibu Mwingereza, kilichochapwa Oppenheim, Ujerumani, 1617. Mraba mweusi tii, basi! Kila upande wameandika Kilatini: "Et sic in infinitum". Eti ndiyo mwanzo wa uumbaji. Sasa Mungu yuko wapi hapo?

Mama Katekista: Kaka, soma Mwanzo 1:2: giza juu ya vilindi. Hakuna kilichoumbwa bado, utachora nini? Hayo maneno ni "na hivyo hivyo bila mwisho", yaani giza haliishii kwenye ukingo wa karatasi. Funua mbele kidogo, utamwona njiwa akitoka kwenye neno FIAT, "na iwe", amezungukwa na mwanga. Huyo ni Roho.

Mzee wa Maktaba: Waprotestanti wengi wa zama zile walikwepa kumchora Mungu kama mzee wa ndevu. Waliweka jina lake, herufi nne za Kiebrania, katikati ya miale. William Blake, mshairi na mchoraji Mwingereza, 1794, hakujali hilo: mzee wake ameinama toka kwenye duara la jua, kashika bikari. Ila huyo ni Urizen, mhusika aliyebuniwa na Blake mwenyewe, anayeifunga dunia kwa vipimo. Blake hakumpenda.

Fundi Mihuri: Shukrani mama, shukrani mzee. Nimeikuza ile picha: weusi wote ni mistari myembamba iliyopishanishwa, na wino haujalingana. Jasho la mtu lile! Mzee, una nakala safi ya huyo wa bikari?