Mpwa wangu anataka kuwa kocha wa mabeki katika futiboli ya Kimarekani: je, ni kazi ya kutegemewa?

MjombaWaWete aliuliza:

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa wenye kuijua Marekani na wenye kuujua ukocha. Mtoto wa dada yangu aliondoka hapa Wete akiwa na umri wa miaka kumi kumfuata baba yake, akasomeshwa huko, na kwa miaka minne ameichezea timu ya chuo chake akiwa beki wa pembeni katika ile futiboli yao ya kushika mpira kwa mikono. Sasa anamaliza shahada ya kwanza, na chuo chengine kimempa nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huku akimsaidia kocha wa mabeki, kwa kulipiwa ada na kupewa posho ndogo. Yeye amefurahi mno, lakini mama yake hapati usingizi. Dada yangu anauliza inakuwaje mtu aliyesoma aajiriwe kuwafundisha vijana kukimbia kinyumenyume, na baada ya miaka miwili ya kazi hiyo atakuwa nani. Sikuwa na jibu la kumpa. Kazi hii ina ngazi gani, na anayeipanda hufika wapi?

MuungujaWaOhio alijibu:

Waalaykumu ssalaam, mjomba. Nimeishi huku muda mrefu na mchezo huu naufuatilia kwa karibu, kwa hivyo nitaanza na hilo la kukimbia kinyumenyume, kwa sababu ndilo lenye siri ya kazi yenyewe. Kila upande una wachezaji 11, na wanaoshambulia wana majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mabeki wa nyuma kwa kawaida ni wanne: konabeki wawili wanaokabiliana na wapokeaji wa pasi pembeni, na sefti wawili walio nyuma yao, siku hizi timu nyingi huongeza wa tano, kwa kuwa wapinzani huwatawanya wapokeaji watatu au wanne uwanjani. Mpokeaji anajua anakokwenda na beki hajui. Ndiyo maana hurudi nyuma huku akimtazama, akageuza kiuno kwa wakati mmoja tu ulio sahihi, na akiwahi au akichelewa kwa hatua moja ameshapitwa. Akimvuta au kumsukuma mpokeaji kabla mpira haujafika, timu yake huadhibiwa hadi yadi 15, na wapinzani hupewa majaribio mapya. Kuyafundisha hayo ni ualimu kamili: asubuhi kuangalia picha za mechi, mchana mkutano na wachezaji, kisha mazoezi, halafu usiku kuzungumza kwa simu na wazee wa vijana walio bado skuli ambao chuo kinawataka.

Kuhusu ngazi, nafasi aliyopewa ndiyo mlango wa kawaida. Nick Saban, kocha mashuhuri wa futiboli ya vyuo, aliingilia hapo hapo katika chuo cha Kent State mwaka 1973, akawa kocha wa mabeki katika vyuo vya West Virginia na Ohio State, na hatimaye akashinda ubingwa wa taifa mara saba, mmoja akiwa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) na sita akiwa chuo cha Alabama, mpaka alipostaafu Januari 2024. Mfano wa Kirby Smart, aliyekuwa sefti wa chuo cha Georgia, napenda dada aujue zaidi. Alikuwa tayari amesimamia safu nzima ya ulinzi katika chuo kidogo, Valdosta State, kisha akakubali kushuka na kuwa msaidizi mwanafunzi Florida State. Akafundisha mabeki LSU, akahama tena na tena, na mwishoni mwa 2015 akakabidhiwa Georgia, akaipa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022.

Hao ni wachache kati ya maelfu. Walio wengi huhama kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwani kocha mkuu akifukuzwa wasaidizi wake mara nyingi huondoka naye. Mke na watoto huhama pia. Dada ajue hilo tangu sasa.

MaalimWaGombani alijibu:

Mimi nafundisha vijana soka hapa Chake Chake, na mchezo huo sijaufundisha, lakini beki ni beki. Kosa la mshambuliaji husahauliwa kabla ya mapumziko, na la beki huandikwa kwenye matokeo. Kazi kubwa ya mwenye kumfundisha ni kumrudisha kijana uwanjani akiwa na moyo wake baada ya kuadhirika mbele ya watu. Ikiwa mpwa wako ana subira hiyo, hiyo ni elimu, na popote atakapokwenda itamfaa. Ila ningetaka kujua habari ya Ijumaa yake.

MuungujaWaOhio alijibu:

Maalim, mechi za vyuo huchezwa zaidi Jumamosi, na kwa za ugenini timu mara nyingi husafiri Ijumaa. Alizungumze na kocha mkuu kabla ya kusaini. Mjomba, naomba kuuliza: ana ukaazi wa kudumu, au yuko kwa viza?

MjombaWaWete alijibu:

Yuko kwa viza ya mwanafunzi.

MuungujaWaOhio alijibu:

Basi hapa ndipo penye uzito kuliko hata mshahara. Kwa viza hiyo, wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki, na wasaidizi wa aina yake huzoea kukaa ofisini tangu alfajiri mpaka usiku. Asikubali kuambiwa kwamba saa zilizozidi ni za kujitolea. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni akapate maelezo kwa maandishi. Akimaliza ataweza kuomba kibali cha kufanya kazi miezi 12 inayohusiana na masomo yake, na masomo yaliyomo katika orodha rasmi ya sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24. Kwa hivyo achague somo la uzamili akiitazama orodha hiyo, asichukue tu lile lililo jepesi kwa ratiba ya timu.

MjombaWaWete alijibu:

Allah awalipe kheri. Nimemsomea dada yangu yote, na habari ya kuhamahama imemgusa kuliko ubingwa. Ameomba tumpigie kijana leo baada ya Isha, na la kwanza atakalomuuliza ni hizo saa 20.