Tupeane uzoefu: mshono wako uliwahi kuchukuliwa, au jasho lako kuliwa, kwenye kazi ya nguo?

MamaCherehani (mwanzisha mada)

Habari za leo wapendwa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Ramadhani iliyopita. Naomba tulizungumze sisi tunaokula kwa nguo: mafundi, wabunifu, wauzaji, wanaopigwa picha wakiwa wamezivaa, na wanaokaa kwenye mashine za viwandani.

Nashona Sinza, mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka juzi nilibuni gauni la kitenge ambalo mkono wake umekunjwa mikunjo midogo midogo kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, kila mkunjo umekamatwa kwa uzi wa mkono. Lilinichukua wiki mbili hadi likakaa nilivyotaka. Lile la kwanza kabisa nilikosea: kushoto nilikunja mara saba, kulia mara sita. Mteja hakuona, na mimi nilipogundua nilikuwa nimeshapiga pasi. Karatasi za kukatia nilizitoa kwenye gauni hilohilo, kwa hiyo kosa likaingia humo. Kila gauni nililoshona baada ya hapo lina saba kushoto na sita kulia.

Dada mmoja mwenye duka akaniagizia kumi na mbili. Hatukuandikishana. Alituma nusu kwa simu, nusu akamalizia alipopokea mzigo. Akaniomba na karatasi za kukatia, eti aangalie vipimo. Nikampa, maana nilimhesabu ni mtu wangu. Hakuagiza tena.

Miezi minne baadaye nilikuwa Kariakoo natafuta zipu, nikaliona gauni langu limetundikwa mlangoni. Rangi tatu, saizi zote, lebo ngeni. Nikaushika mkono nikaanza kuhesabu. Saba kushoto. Nikageuza upande wa pili. Sita.

Kituoni niliambiwa hilo ni la madai, niende kwenye vyombo vyake. Nikaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakanisikiliza, wakauliza swali moja la msingi: una nini kinachoonyesha kwamba ulianza wewe, na ulianza lini? Nina mchoro kwenye daftari, hauna tarehe. Picha zote zilikuwa kwenye simu niliyoibiwa kwenye mwendokasi. Nikarudi nyumbani nikalala mchana, kitu ambacho sikifanyi.

Kama yalikukuta kama haya, eleza ulifanya nini, kipi kilisaidia, kipi kilikwama. Majina ya watu na maduka tusiyataje.

FunditajiGhorofani

Dada, pole sana. Mimi naandika nikiwa upande wa pili, na baada ya kusoma maneno yako nimeona nikikaa kimya nitakuwa nimekosa mara mbili.

Nilifanya kazi miaka mitatu ghorofani Kariakoo. Bosi alikuja asubuhi na nguo moja mpya ndani ya mfuko. Kazi yangu ilikuwa kuifumua. Unakata uzi kwa wembe, mshono kwa mshono, polepole usichane kitambaa. Unalaza kila kipande juu ya karatasi ya kaki, unakipiga pasi, unachora kando kando. Saa mbili hazijaisha, karatasi za kukatia ziko tayari na mafundi wanaanza. Sikuwahi kuuliza hata siku moja hii nguo ni ya nani. Huenda na la kwako lilipita kwenye mikono kama yangu, na aliyeshona hakujua kuwa mikunjo haikulingana, maana tulikuwa tunaambiwa fuata kilichopo.

Tulipachika na lebo. Zilikuja kwenye roli, majina makubwa ya Italia na Ufaransa, tukazishona kwenye fulana zilizokatwa chumba cha pili. Siku moja wakaja wakaguzi wa Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Mzigo ukabebwa, bosi akazima simu. Mafundi sita tulikuwa tunadai wiki tatu.

Hapa ndipo nataka wenzangu wasome vizuri. Nilidhani bila mkataba wa maandishi sina pa kusemea. Nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikajaza fomu. Kumbe sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye aweke masharti ya kazi kwa maandishi, na kama hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Ila muda ni mfupi: wa kuachishwa kazi una siku 30, madai mengine siku 60. Mimi nilifika siku ya hamsini na kitu. Wenzangu wawili walisubiri bosi awashe simu, wakapitwa. Sisi wanne tulilipwa wiki mbili kati ya tatu kwa kusuluhishwa, tukakubali.

Sasa nina cherehani yangu Mbagala. Wateja bado wanakuja na picha kwenye simu, "nishonee hii". Namuuliza: tubadilishe nini? Shingo, mkono, urefu? Wengine wanakasirika na kuondoka. Namuacha aende.

Laini_ya_Nne

Mimi ni Mkenya. Nilikaa EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, miaka saba tukishona suruali za kwenda Marekani, zile zilizokuwa zikiingia bila ushuru kwa AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Huko hakuna mtu mwenye mshono wake. Mimi nilijua mfuko wa nyuma wa kulia tu. Supavaiza anaandika tageti ubaoni kila saa, na usipofika unabaki jioni kuimaliza bila malipo, kwa sababu si ovataimu, ni "deni lako".

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka huko Savar, Bangladesh, likaua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ndani iliwatoa watu wake, lakini washonaji waliambiwa warudi kwenye mashine. Sisi tuliziona habari hizo kwenye simu ya mwenzetu saa ya lanchi. Nikageuka nikaangalia mlango wetu wa dharura. Ulikuwa na mnyororo na kufuli, na mbele yake marobota ya denimu yamepangwa hadi kimo cha kifua changu. Sababu tuliyopewa ni kwamba tungetoroka na nguo.

Baada ya hapo wanunuzi wa ng'ambo wakawa wanatuma wakaguzi mara kwa mara. Siku ya mkaguzi mnyororo hauko, marobota yamehamishwa, tunapewa barakoa mpya, na tunafundishwa kujibu: hapana, hatulazimishwi kubaki jioni. Mkaguzi akienda zake, vitu vinarudi mahali pake. Hata barakoa zilikusanywa zikawekwa kabatini. Na mimi nilijibu nilivyofundishwa. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane, na mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu.

Kilichosaidia ni msichana mmoja wa laini yetu. Alipiga picha ya ule mnyororo, saa ya ukutani na kalenda zikionekana pembeni, akaipeleka kwa watu wa chama cha wafanyakazi. Wao wakaiandikia moja kwa moja kampuni ambayo jina lake lilikuwa kwenye lebo za zile suruali. Wiki tatu hazikuisha, kufuli likaondolewa na mlango ukawekwa komeo la kusukuma kutoka ndani.

Mkataba wa yule msichana ulipoisha haukuongezwa. Sisi tuliobaki tulimchangia nauli ya kurudi kwao.

Mrembo_wa_Nyamagana

Kwangu ni fupi. Nilivaa vitenge vya muuzaji mmoja, nikapigwa picha, tukakubaliana zitumike kwenye ukurasa wake. Mwaka mmoja baadaye uso wangu uko kwenye bango la mafuta ya kujichubua, kitu ambacho sijawahi kupaka. Mpiga picha alikuwa ameziuza. Nilimwandikia barua nikitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwamba ridhaa niliyotoa ilikuwa ya vitenge tu. Bango lilishushwa. Pesa sijaona hadi leo. Siku hizi kabla sijavaa nguo ya mtu naandika kwenye karatasi: picha ni za nini, zitawekwa wapi, hadi lini.

Binti_wa_Mji_wa_Kale

Nasoma nikiwa Mombasa, roho inaniuma. Sisi kwetu ni kanga. Nyanya yangu aliuza kanga Biashara Street tangu mamangu hajaolewa, na mie nimekulia juu ya marobota.

Kanga, kwa asiyejua, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno. Watu hutazama rangi, lakini mwanamke wa pwani hununua jina. Kwa harusi ya dadangu nilitunga langu: MLANGO NIMEFUNGA MIE, UFUNGUO WAUPATA WAPI. Na mji nikauchora mwenyewe, mlango wa kuchonga wa Kiswahili, ule wa misumari, na mikarafuu pembezoni. Tukaagiza doti mia mbili kwa mfanyabiashara mmoja, zikachapishwa India. Harusi ikapita vizuri.

Msimu uliofuata kanga hiyo iko maduka yote, mji ule ule, jina lile lile. Nikaenda kwa mwanasheria. Akanambia maneno mafupi kama yale ni vigumu kuyadai hakimiliki, ila mchoro wa mlango ni kazi yangu ya sanaa, na huo ningeweza kuushikilia lau nisingemkabidhi asili bila kubaki na nakala. Nilikuwa nimempa karatasi yenyewe, mkononi, na ahsante juu.

Na hili si la juzi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY liwe alama yake ya biashara huko kwao. Kikoi, nguo wanayovaa babu zetu! Watu wa Kenya wakapinga wakisaidiwa na wenzao wa huko huko Uingereza, na ombi lile halikufika mbali. Wamasai nao waliona shuka zao kwenye mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton ya mwaka 2012, wakaamua kujipanga kudai jina na alama zao. Kenya ikaja kutunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Ni jambo jema. Lakini mlango wangu si wa jadi, ni wangu mie, na unauzwa.

Wakili_wa_Temeke

MamaCherehani, usikate tamaa mapema. Nafanya kazi ya sheria, na nimewahi kusimamia kesi za namna hii.

Wazo la "mkono wenye mikunjo" si la mtu, kila fundi ana ruhusa ya kukunja. Kinacholindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ni kazi yenyewe: mchoro wako, na sanaa iliyotumika kwenye kitu cha matumizi. Haki inazaliwa ukishaitengeneza kazi. Kusajili COSOTA hakukupi haki mpya, kunakupa ushahidi wa tarehe, na ushahidi ndio unaokusumbua sasa.

Jina na lebo yako peleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Alama ya biashara ikisajiliwa inadumu miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Walioko Kenya wana njia nyingine ya ziada: umbo la bidhaa linasajiliwa KIPI, taasisi yao ya mali za ubunifu wa viwandani, kwa miaka 5, na linaongezwa mara mbili hadi kufika 15. Nendeni kabla hamjaliweka mtandaoni.

Kwenye risiti ya kukabidhi mzigo andika mstari mmoja: michoro na karatasi za kukatia ni mali ya fundi, hazitumiki wala kunakiliwa bila idhini yake. Mnunuzi asaini. Akikataa kusaini, umeshajua.

Sasa kuhusu ile mikunjo. Mafundi wawili wanaweza kubuni mkono unaofanana bila kuonana. Kukosea wote wawili upande uleule, idadi ileile, hakimu atataka maelezo. Nenda ukanunue gauni moja kwenye lile duka, udai risiti yenye tarehe. Usilifue, usilivae. Halafu watafute wateja wako wa mwanzo. Simu yako iliibiwa, za kwao hazikuibiwa. Ujumbe na picha za simu zinapokelewa mahakamani tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015, mradi uonyeshe zimetoka wapi na zimehifadhiwaje.

FunditajiGhorofani

Dada, kama itahitajika fundi wa kueleza jinsi nguo inavyofumuliwa na kosa linavyohama na karatasi, mimi nipo. Nitakuja na wembe wangu.

MamaCherehani

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili. Yule msichana wa Athi River nimemuombea. Binti wa Mombasa, natamani kanga yako, lakini nitainunua kwako tu.

Jana nilikwenda Kariakoo nikanunua lile gauni, nina risiti. Nimelifunga kwenye mfuko, liko juu ya kabati.

Na usiku, kwenye saa nne, mteja wangu mmoja amenijibu. Ndiye niliyemshonea lile la kwanza kabisa, alilivaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Amenitumia picha tano alizopiga siku hiyo, tarehe iko, ni miezi kumi kabla ya lile oda la kumi na mbili. Kwenye picha ya tatu amenyoosha mikono yote miwili anakata keki. Nimeikuza nikahesabu na mwanangu, kila mtu kwa zamu yake. Saba, na sita.

Jumatatu naenda ofisini kwa Wakili.