Fishi ya ralonji inapata moto lakini disjonkta haikati umeme

Mpangaji_Katindo (Goma)
Ndugu wasomaji, ninaomba ushauri wenu. Nyumba tunayopanga ni ya mbao, nayo ina prizi (soketi ya ukutani) moja tu, iliyoko sebuleni. Tumevuta ralonji (waya wa kurefushia umeme) hadi jikoni, na juu yake tunachomeka friji ndogo, birika la umeme na resho (jiko la umeme) ambayo imekuwa ikitupunguzia gharama ya makala. Resho na birika vinapowaka pamoja, fishi ya ralonji (kichwa chake cha kuchomeka) inapata moto kiasi cha kutoshikika, na plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia upande mmoja. Mume wangu anasema hakuna hatari kwa kuwa disjonkta (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) haijawahi kukata umeme. Je, ni kweli? Na nikinunua ralonji yenye matundu mengi zaidi, shida hii itaisha?

Fundi_Ndosho
Dada, chomoa hiyo ralonji kwanza, ndipo tuzungumze. Disjonkta iliwekwa kulinda nyaya zilizo ukutani. Ralonji haiilindi. Disjonkta yenu pengine ni ya ampea 16 au 20, ilhali ralonji nyingi za bei nafuu zina waya wa milimita mraba 0,75, ambao hata kwa kuuhurumia haufai kubebeshwa zaidi ya ampea 10. Kwa hiyo waya huo unaweza kuzidiwa, ganda lake likayeyuka na mbao zikashika moto, bila disjonkta kuona kasoro yoyote.

Gawanya wati za kila chombo kwa volti 220. Birika la wati 2000 linavuta ampea 9. Resho ya wati 1500 inavuta karibu 7. Hapo hujahesabu friji, ambayo kwa nukta chache za kuanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Tena mkondo ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne, na ndiyo sababu vyombo ambavyo kimoja kimoja havisumbui vinaunguza fishi vikikutana. Matundu mengi yatakuongezea mzigo tu, kwa kuwa waya unabaki ule ule.

Ile rangi ya kahawia inaonyesha kwamba mguso umelegea ndani. Mguso uliolegea hutoa joto, na joto huzidi kuulegeza. Ralonji hiyo isitumike tena, hata kwa kuchaji simu, na prizi ya sebuleni ifunguliwe ikaguliwe, kwa maana mara nyingi nayo huwa imeungua.

Mkaazi_Kadutu (Bukavu)
Ninakubaliana na Fundi, ila dada asiende sokoni akaamini maandishi ya mbele peke yake. Ralonji inaweza kuandikwa ampea 16 kwenye boksi la matundu huku waya wake ni mwembamba kama wa redio. Tazama maandishi yaliyo kwenye ganda la waya wenyewe: 3G1,5 maana yake ni nyuzi tatu za milimita mraba 1,5, mmoja ukiwa wa tera (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), wenye rangi ya kijani na njano. Pia kuna alumini iliyopakwa shaba; ukikwangua uzi kwa kisu na ndani ukakuta rangi nyeupe, mrudishie muuzaji bidhaa yake.

Mpangaji_Katindo (Goma)
Asanteni sana. Nimesoma kibati cha resho: ni wati 2000. Ralonji yetu ina nyuzi mbili tu, na sehemu iliyozidi tuliizungusha tukaificha chini ya zulia ili watoto wasijikwae. Je, nikipata hiyo 3G1,5, ninaweza kupika na kuchemsha maji kwa wakati mmoja?

Fundi_Ndosho
Hapana, Dada. Hizo ni wati 4000, yaani ampea 18, na ralonji hiyo inaishia 16. Pika, zima, ndipo uchemshe maji. Na waya uliozungushwa chini ya zulia hauna pa kutolea joto, kwa hiyo ralonji mpya uikunjue yote na uipitishe kando ya ukuta.

Resho yenye mwili wa chuma inahitaji tera. Hapa Goma tumejenga juu ya mawe ya lava, ambayo hayapitishi umeme vizuri, hivyo piketi fupi (nondo ya tera) iliyogongwa uani haitoshi. Mwombeni mwenye nyumba aweke disjonkta ya diferensiali ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja. Kazi ya kudumu ni kuvuta waya wa milimita mraba 2,5 moja kwa moja hadi jikoni na kufunga prizi huko.

Mkaazi_Kadutu (Bukavu)
Niongeze jambo moja, maana delestaji (mgao wa umeme) tunaijua sote. Umeme ukikatika wakati wa kupika au kupiga pasi, chomoeni papo hapo. Watu husahau, wakatoka, umeme ukarudi usiku, na resho ikawaka chini ya sufuria tupu.

Mpangaji_Katindo (Goma)
Mwenye nyumba ameiona fishi iliyoungua na amekubali kuleta fundi. Kwa sasa friji tumeihamishia sebuleni, tumerudi kupikia makala, na prizi hatutaigusa kwa chombo kingine mpaka ifunguliwe. Hata friji yenyewe nitaichomoa leo, kwa kuwa nimegusa ukingo wa prizi na bado una joto.

Fundi_Ndosho
Ichomoe sasa hivi, na ushushe disjonkta.