Naomba ushauri: mashine ya kufyekea kwenye matete na mawe

Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Luchelele, upande wa kushukia ziwani. Mwanza yetu mnaijua, kila hatua tatu jiwe, na katikati ya mawe matete yamenizidi urefu. Nilichoka kulipa vibarua wa mapanga, mwezi jana nikanunua mashine ya petroli, hii ya kuning'iniza begani.

Kamba ya nailoni kwenye ukoka ni safi kabisa. Kwenye matete inajisokota na kukatika tu, nusu siku naimaliza nikifungua kichwa. Nikafunga kisu cha chuma cha meno matatu. Juzi kikagusa jiwe lililojificha kwenye majani, mashine ikanivuta kulia kwa nguvu; mkanda wa begani ndio ulioniokoa. Kokoto ikaruka hadi kwenye bati la jirani. Nilivaa miwani na gambuti, sawa, lakini watoto walikuwa hatua kumi tu kutoka nilipo, na kitabu cha mashine kinasema mita 15. Nilitetemeka.

Mnaofyeka sehemu kama hizi, mnatangulia na panga ili mawe yaonekane? Fundi mmoja ameniambia nifyeke kutoka kulia kwenda kushoto na nikatie upande wa kushoto wa kisu. Hilo limewasaidia? Na kisu kikipata pengo, mnanoa kwa tupa au mnatupa?

Mama watoto anasema nirudi kwenye panga. Sitaki ashinde.